Kuhusu ile fomu ya Londiani

Mwanangu,

Barua yako imefika. Unauliza kama ukiingia Chuo cha Misitu cha Londiani utakuwa umevaa sare ya watu waliotuletea sisi Waogiek notisi ya siku 30 ya kuhama hapa msitu wa Mau mwaka 2009. Nitakujibu, lakini kwanza nikueleze habari ya cheti.

Hukuwa umezaliwa. Vijana wawili waliokuwa wakisomea misitu walikaa nasi siku tatu. Babu yako akawaonyesha silibwet, mti ambao wao walikuwa wameuandika kuwa ni kuni tu, akawaonjesha asali ya maua yake. "Mti hujulikana kwa nyuki wake," akawaambia, neno ambalo umelisikia kwangu tangu utotoni. Mmoja aliandika kila kitu katika daftari la bluu. Mimi nikamsahihishia herufi.

Miaka michache baadaye nilienda kwenye usaili wa walinzi wa msitu. Nyuma ya meza alikaa yule yule wa daftari la bluu. Alinitambua, akatabasamu, kisha akaniuliza cheti cha kidato cha nne. Sina, unajua niliishia darasa la saba. Akapiga mstari juu ya jina langu kwa rula. Kwa rula, mwanangu! Aliyenifuata aliulizwa silibwet una faida gani, akasema hajui. Cheti alikuwa nacho, akachukuliwa. Nilirudi nyumbani kwa miguu, na kwa siku mbili sikumwambia mama yako kitu.

Sasa, chuo sikichukii. Watakufundisha ramani, vitalu vya miche, kukadiria mbao za mti uliosimama, Sheria ya Misitu ya 2016. Hayo siyajui. Ila wakikusifia saipresi, kumbuka nyuki hawapati kitu kwake. Mti hujulikana kwa nyuki wake. Halafu najiuliza: aliyeandika ile notisi si naye alisoma? Kisomo hakikumzuia. Angekuwa mtoto wa Mariashoni, huku kwetu msituni, mkono ungemtetemeka kidogo. Au usingetetemeka, maana mshahara ni mshahara. Hapo ndipo ninapokwama kila usiku.

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu kule Arusha ilipoamuru, Juni 23, 2022, Serikali ya Kenya itulipe Waogiek fidia ya shilingi milioni 157.85 kwa kutufukuza msituni, ziingie katika mfuko wa maendeleo wa jamii, wazee walianza kuhesabu barabara na zahanati. Mimi nilisimama nikasema karo kwanza: kila mwaka watoto wetu waende Londiani, wawe wengi, asiwepo wa kukaa peke yake kati ya watu wasiojua alikotoka. Nasema hivyo hata leo.

Unataka niseme nenda au usiende. Sitasema, ingawa mama yako analiona jibu usoni mwangu. Nimeuza debe moja la asali; pesa atakutumia kesho kwa M-Pesa, uijaze fomu au usiijaze. Ukiijaza, pale wanapouliza ujuzi ulio nao, andika majina yote ya miti aliyokufundisha babu yako. Usiache hata mmoja.

Baba yako