Barua kwa mwanangu Zuwena: hiyo kazi ya maafa uliyoniuliza

Mwanangu Zuwena,

Assalaam alaykum. Huku Wete, Pemba, sote wazima, na mguu wa mamako umepungua maumivu ingawa bado anakataa kukaa kitako.

Ujumbe wako nimeusoma, lakini swali lile si la kujibiwa kwa simu huku mtu anapiga honi mlangoni. Unasema umemaliza diploma yako ya ununuzi na ugavi, umeona matangazo ya kazi za maafa, ya serikali na ya mashirika, na mwenzako huko Dar kakucheka kwamba hiyo ni kazi ya kungojea wenzio wafikwe na balaa ndipo ule. Ukamalizia: "Baba, ni kazi kweli? Na mtu wa stoo kama mimi nitamuokoa nani?"

Naanza na hilo la stoo.

Watu wakisikia maafa huona king'ora, boti za KMKM, kile kikosi chetu cha baharini cha kuzuia magendo, na vijana wa Zimamoto na Uokozi na kofia zao ngumu. Hao wapo, Mungu awalipe. Lakini saa za mwanzo huokoa aliye karibu. MV Spice Islander ilipozama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ikitoka Unguja kuja kwetu, wavuvi wa Nungwi walikuwa miongoni mwa waliotoka na vyombo vyao kuwaokota watu walioshikilia magodoro. Waliookolewa walipita 600. Kisha ikaanza kazi isiyo na king'ora: nani alikuwamo ndani? Orodha ya abiria na watu wenyewe havikulingana. Maiti zilizopatikana zilihesabiwa 203, na tume ya uchunguzi ikaja kusema kuwa wasiopatikana ni zaidi ya elfu moja. Hebu fikiri maana yake kwa mke aliyebaki. Eda aianze lini? Mirathi igawiwe au ingojwe? Cheti cha kifo atakipata kwa ushahidi gani? Yote hayo yananing'inia kwenye karatasi ambayo ilitakiwa iandikwe vizuri gatini kabla chombo hakijang'oa nanga. Mtu wa daftari hapo ana kazi, mwanangu, tena kazi ya kutosha.

Na stoo yenyewe nakwambia kwa niliyoyashika kwa mikono yangu. Miaka yote niliyokuwa bwana afya, adui wetu mkubwa alikuwa kipindupindu. Kiliingia Zanzibar mwaka 1978 na kikawa kinarudi, na mlipuko wa 2015 na 2016 ulitukesha Unguja na Pemba. Kambi ya kipindupindu inasimama kwa drip, ORS (ile dawa ya chumvi na sukari ya kunywa ya kurudisha maji mwilini) na klorini ya kuulia vijidudu. Madaktari wanaweza kuwa hodari namna gani, lakini klorini ikiharibika kambi yenyewe inageuka mahali pa kuambukizana. Unga ule hupoteza nguvu ukikaa penye joto na unyevunyevu, hula bati, na haukai pamoja na chakula wala mafuta. Halafu haichanganywi kwa kukisia: asilimia 0.05 ya kunawia mikono, 0.2 ya sakafu na vitanda, 2 ya vinyesi na maiti. Mlinzi wa stoo anayejua kipi kimeingia lini na kipi kinakaribia kuisha muda, akakitoa hicho kwanza, huyo anatibu watu bila ya kuwagusa. Nimewahi kufanya kazi na stoo ambayo magunia yalilazwa chini kwenye saruji, yameegemezwa ukutani, kadi hazijajazwa wiki nzima, na kila mtu ana ufunguo. Wewe umesomea kuzuia hayo hayo. Sasa niambie nani kakwambia huna la kufanya?

Huyo mwenzako anayecheka, mwambie kazi hii hufanywa zaidi siku ambazo hapajatokea kitu. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokuwa kinakuja, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari mapema na safari za boti zikasitishwa. Watu walinung'unika gatini, mizigo ikaoza, na sisi huku tukakosa nyanya. Hakuna aliyewapigia makofi waliozuia vyombo, kwa sababu asiyezama hana habari ya kuhadithia. Ukitaka kazi ya kupigiwa makofi, tafuta nyengine.

Tena kuna upande wa baadaye, na huo ndio ningependa uuangalie kuliko wote. Waokoaji wakiondoka na wapiga picha wakiondoka, watu hubaki na visima vilivyoingia maji machafu, skuli iliyoezuliwa, mashamba ya mpunga yaliyoingia maji ya chumvi. Kile kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikanusurika kwa sehemu kubwa. Ndiyo sababu mojawapo ya karafuu kuwa za Pemba mpaka leo. Upepo ulivuma muda mfupi, mche wa mkarafuu unataka miaka kadhaa kabla ya kuzaa. Kurejesha hali siku zote ni kurefu hivyo, na watu wake huwa wachache, kwa sababu fedha hupungua habari zikipoa. Hapo ndipo anapotakiwa mtu wa ununuzi anayejua kutangaza zabuni ya mabati, kuyapokea kwa kuyahesabu na kukataa yaliyo membamba.

Na kuna maafa yanayorudi kwa sababu hakuna aliyekaa na watu akazungumza nao. Novemba 2021 watu 7 walikufa hapa Pemba kwa kula nyama ya kasa. Machi 2024, Kisiwa Panza, wakafa 9, na 8 kati yao ni watoto. Sumu ile haiondoki kwa kupika. Kuifikisha habari hiyo nyumba kwa nyumba, kwa lugha ya wenyewe na bila ya kumdharau mvuvi, ni kazi ya maafa kama kazi yoyote.

Sasa uanzie wapi. Serikalini ipo Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa, iliyoundwa kwa Sheria Namba 1 ya 2015. Nafasi zake ni chache na hutangazwa kama za wizara nyengine, kwa hiyo itizame lakini usiiweke kuwa ndoto ya pekee. KMKM na Zimamoto huchukua vijana kwa utaratibu wa vikosi, na sikufichi, sikuoni huko. Si kwa kuwa ni mwanamke, wapo wanawake hodari. Ni kwa kuwa nakujua ukiamrishwa kabla hujafahamishwa. Kwa lolote la serikali hakikisha kitambulisho chako cha Mzanzibari Mkaazi hakijapitwa na wakati, maana ukikaa Dar mambo hayo husahaulika.

Mimi ningeanza na Msalaba Mwekundu. Mshahara hakuna, elewa hivyo tangu sasa. Siku za kazi huenda ukapata posho ya nauli na chakula. Lakini utafundishwa huduma ya kwanza, kuandikisha waathirika, kugawa misaada, kutafutia watu jamaa zao waliopotezana. Mashirika yakija na ajira za miezi mitatu au sita, na ajira nyingi za maafa ndivyo zilivyo, humtafuta kwanza aliyekwisha onekana anafanya. Baadaye ukiwa na uzoefu, waombe Wajitolea wa Umoja wa Mataifa, ambao hulipwa posho ya kujikimu. Na ukiona tangazo lolote linalokutaka utume hela ya fomu, ya usaili au ya kipimo cha afya, funga. Umoja wa Mataifa hautozi mtu hata senti kwa kuomba kazi.

Jifunze pia vile vipimo vinavyotumika duniani kote kwenye kambi: maji lita 15 kwa mtu kwa siku, choo kimoja kwa watu 20, vya wanawake mbali na vya wanaume. Ukienda kwenye usaili ukavijua hivyo na ukaeleza utanunua madumu mangapi kwa familia 200, watakusikiliza.

Jambo la mwisho, na hili mamako ndiye aliyesema niliandike. Wanawake wanatakiwa sana huko. Waliohamishwa wakilazwa skuli, hakuna mama atakayemwambia kijana wa kiume kuwa anataka kanga na pedi, na maiti ya mwanamke huoshwa na wanawake. Utayaona mambo hayo. Mimi baadhi ya nyuso za kambini zinanijia bado, na niliyemweleza ni mamako peke yake. Nawe uwe na mtu wa kumweleza, na siku ya mapumziko uipumzike.

Nimezungumza na sheha wetu. Anataka kamati ya maafa ya shehia iwe na daftari jipya kabla ya masika: nyumba zilizo bondeni, wazee wasioweza kutembea, wenye mimba, nani ana gari, nani ana dau, ufunguo wa skuli unakaa kwa nani. Aliyekuwa akiandika kahamia Mkoani. Nimemwambia unakuja baada ya Idi, na sikumwambia kuwa umekubali. Ukiamua kuja, chukua vyeti vyako vya asili, usilete vivuli tu, na umletee mamako ile dawa ya kuchua mguu, maana dukani hapa imekwisha.

Wasalaam,
Baba yako