Wadogo zangu wa plani, saa moja hiyo ni ipi?

Juzi kijana mmoja kaniletea plani ya kuzima mashine za umeme za dizeli na kuingiza sola, kazi nzuri kweli, grafu za rangi, ila kilele cha lodi, yaani umeme watu wanaotumia, kimekaa saa saba mchana, palepale jua linapochoma. Nikamuuliza data umetoa wapi? Logishiti za kontroo rumu, zile karatasi za kuandika lodi kila saa. Tumbo likanikata. Naandika kabla sijalala.

1. Anza na lodi, paneli baadaye. Miji yetu mingi inakula umeme kuanzia saa moja usiku mpaka saa nne hivi, taa, tivii, pasi, feni, na jua hapo limeshazama.

2. Soma logishiti na mtu aliyeijaza. Hapa ndo nilipoungua. Nilikuwa mgeni kwenye shirika la umeme la mji mmoja wa pwani, mji mzima unaendeshwa na dizeli, nikapewa plani ya sola. Kontroo rumu walikuwa wanajaza kwa kalamu, karatasi ina mistari 24, imeandikwa 1 mpaka 24 basi. Nikaziingiza kwenye Eksel miezi miwili, mstari wa 1 nikauita saa saba usiku maana kompyuta ndo inavyohesabu. Kumbe kwa wale wazee mstari wa 1 ni saa moja asubuhi, shifti inapoingia! Mstari wa 13, wenye lodi kubwa kuliko yote, kwao ni saa moja usiku, kwangu ukawa saa saba mchana. Nami nikaona inaingia akilini, si ofisi zote ziko wazi, AC zinanguruma. Nikasimama mbele ya mabosi nikasema sola itabeba kilele chote, hela ya ovahoo, yaani matengenezo makubwa, ya mashine mbili za dizeli tuihamishie kwenye paneli. Wakakubali. Opereta hakuulizwa hata mmoja, na kontroo rumu ilikuwa chini ya ofisi yangu, ngazi kumi na mbili tu.

Sola ikawaka, mchana raha tupu. Jua likizama zile mashine mbili zinashindwa, tukaingia kwenye mgao wa jioni, leo fida hii, yaani laini ya mtaa huu, kesho ile, miezi mitano. Kuna mama muuza samaki nilikuwa namwamkia kila siku nikirudi nyumbani, siku hiyo baada ya marahaba akafungua friza, changu wamelegea, maji ya barafu yanamtiririkia kwenye kanga, akaniuliza, "Mwanangu, si mlisema jua limeleta umeme?" Sikuwa na jibu. Wiki hiyohiyo mzee wa shifti akaiona grafu yangu ukutani, akauliza saa saba mchana mji huu lodi yote hiyo ya nani. Tukafungua karatasi, akaweka kidole mstari wa 13: "Hapa ndo tunawasha taa za barabarani." Barua ya kukiri kosa niliiandika usiku uleule, na ovahoo ikarudishwa, lakini wale samaki walishaoza.

3. Laini kwanza. Kule kando ya Ziwa Turkana, Kenya, mitambo 365 ya upepo, megawati 310, ilishasimama 2017, laini ya kupeleka umeme kituo cha Suswa, zaidi ya kilomita 400, ikaja kukamilika 2018. Upepo upo, umeme hauna pa kupita.

4. Wingu likipita sola inaporomoka ndani ya dakika chache, kwa hiyo acha mashine ya dizeli inazunguka, ila usiikalishe chini ya asilimia 30 ya uwezo wake muda mrefu, inaharibika. Na betri niambie ni ya masaa mangapi, megawati 5 za lisaa limoja hazikufikishi saa nne usiku.

5. Umeme wa maji nao ni safi, na Bwawa la Nyerere na megawati zake 2,115 nalipenda kwa moyo wote, lakini mgao wa 2006 na 2011 mabwawa yakiwa yamekauka wengine tunaukumbuka. Weka mwaka wa ukame kwenye hesabu.

Wewe kijana, kesho saa mbili asubuhi, ya kwetu siyo ya kompyuta, tukutane kontroo rumu. Beba logishiti zote, na sukari, wazee wanapika chai hukohuko.