Randa ya Shilingi 600

Wiki hii mmetuuliza: "Ni kifaa gani cha zamani ambacho hungekiacha hata ukipewa cha kisasa bure?" Changu ni randa, kile kifaa cha seremala cha kulainishia mbao. Randa ya mkono, ya chuma, niliyoinunua soko la Gikomba, Nairobi, kwa shilingi 600 ikiwa imeshika kutu hata muuzaji alikuwa ameitupa kwenye lundo la vyuma chakavu.

Mimi si fundi. Ni karani wa bohari huko Industrial Area, na useremala wangu ni wa jioni na Jumamosi, kwenye roshani ya ghorofa ya tatu, Umoja. Nilianza na mashine za umeme kama wengine. Ile ya kulainisha mbao ilinguruma mpaka mama wa chini akapanda ngazi polepole, akaniuliza, "Baba Imani, leo umetuletea helikopta?" Kelele ningetafutia dawa. Vumbi ndilo lililonishinda. Nilikuwa nashughulikia mbao za kitanda kikuukuu cha mvule, na vumbi la mvule huwasha macho na kukaba kifua hata cha mtu mzima. Mwanangu ana pumu. Usiku ule hatukulala. Mashine niliiuza wiki hiyo hiyo.

Randa haitimui vumbi la namna ile. Inatoa maranda, yale ya kujikunja, unayafagia na kumpa mlinzi wa ploti akawatandikie vifaranga wake. Wala haijali stima ikipotea.

Basi niliilegeza skrubu zote, nikailoweka kwenye siki usiku kucha, asubuhi nikaisugua kwa brashi ya waya, nikaisuuza na kuipaka mafuta upesi kabla kutu haijarudi. Pale mbele ya kishikio yakajitokeza maandishi: Bailey, No. 4. Nikaanza kuulizia na kusoma. Leonard Bailey alikuwa Mmarekani. Randa yake unasogeza kisu kwa kuzungusha kigurudumu cha shaba, si kwa kugonga gonga kwa nyundo kama zile za mbao. Kampuni ya Stanley ilinunua hataza zake, yaani haki za uvumbuzi wake, mwaka 1869, na hadi leo ukishika randa ya chuma, iwe ya Sheffield kule Uingereza au ya India, mara nyingi ni mpango ule ule wa Bailey.

Siku ya kwanza iliniaibisha. Kisu kilikuwa butu, kikauchuna ubao badala ya kuuranda. Nikabandika msasa juu ya kioo, nikanoa, nikabadilisha msasa mlaini zaidi, nikanoa tena, mpaka kisu kikanyoa malaika ya mkononi. Bado mvule uling'oka vipande, maana nyuzi zake hupishana: huku zinalala, hapo mbele zinasimama. Mzee mmoja wa Ngong Road, fundi wa vitanda, aliichukua randa, akaifungua, akasogeza kile chuma kinachokaa mgongoni mwa kisu hadi kikabakiza upana wa unywele tu kufika kwenye makali. "Sasa jaribu." Utepe ukatoka mzima, mwembamba, unaweza kusomea gazeti nyuma yake. Ubao ukabaki unang'aa bila msasa. Nimeranda ubao ule zaidi ya ulivyohitaji, nakiri.

Tangu hapo nimeongeza patasi mbili na msumeno mmoja wa mpini wa mbao. Msumeno wenyewe ulinifunza kwamba meno ya kupasulia ubao kwa urefu hunolewa kama patasi ndogo ndogo, na ya kukatia kwa upana kama visu. Miaka mingi nilikuwa nakata kwa meno yasiyostahili na kulaumu mbao.

Msidhani kila cha kale ni dhahabu. Randa ya pili niliinunua kwa shilingi 1,500, ndefu, imepakwa rangi nyeusi ikapendeza. Nyumbani nikafuta rangi, nikakuta ufa umeanzia kwenye mdomo wa kisu ukapanda ubavuni. Chuma cha kusubu kikipata ufa hakina dawa ya roshani. Niliporudi, muuzaji aliniambia, "Mzee, hata sisi wazee tuna makunyanzi." Siku hizi napiga kwa ukucha kabla ya kutoa pesa, kama mama anavyogonga chungu sokoni: kizima kinalia, chenye ufa kinajibu kwa sauti ya kukwama.

Majuzi jirani mwenye duka la fanicha aliishika ile No. 4, akairandisha mara tatu, akanipa bei ya shilingi 4,000 papo hapo. Nilimwonyesha ile yenye ufa. Hakuitaka, kwa hiyo bado inazuia mlango wa roshani usipigwe na upepo.

Msomaji wenu, Umoja