Kutoa Honda Beat kwa hisani: unachokata ni bei ya mnada, si bei ya mtandaoni

Swali: Shikamoo mama. Niko Dallas, Texas. Mwaka 2019 niliagiza Honda Beat ya 1992 kutoka Japani, usukani wa kulia, cc 656. Meli, ushuru na usajili, vyote pamoja na bei yake, ilinitoka dola 7,200. Sasa tuna watoto wawili na gari lina viti viwili, kwa hiyo mimi na mke wangu tumeamua kulitoa kwa shirika la hisani. Jamaa aliyetujazia ritani ya kodi mwaka jana anasema tuandike thamani yake ya mtandaoni, dola 9,000, na IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, watarudisha. Ni kweli? Na hili la kuwa gari la nje lina shida?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Jamaa yako amekosea mara mbili ndani ya sentensi moja, na makosa hayo mawili nayaona mezani kwangu kila mwaka, Januari hadi katikati ya Aprili.

La kwanza nilipite haraka. Sadaka hupunguza kipato kinachotozwa kodi. Hairudishwi dola kwa dola. Ukiwa kwenye daraja la asilimia 22, sadaka ya dola 1,000 inakuokolea si zaidi ya dola 220. Hata hizo unazipata tu kama mnaorodhesha makato yenu moja moja kwenye fomu ya Schedule A, badala ya kuchukua makato ya kawaida, kiasi maalumu anachopewa asiyeorodhesha. Makato ya kawaida ya mume na mke wanaojaza pamoja kwa mwaka 2025 ni dola 31,500. Riba ya mkopo wa nyumba, kodi ya nyumba na sadaka zenu zote zisipovuka hapo, Beat haitawapunguzia hata senti moja. Nafuu mpya ya wasioorodhesha, inayoanza na mwaka wa kodi 2026, ni ya sadaka ya pesa. Gari halimo.

Kosa la pili ndilo linaloniudhi. Tangu 2005 sheria iko wazi: ukidai zaidi ya dola 500 kwa gari, na shirika likaliuza bila kulitumia kwa kazi zake wala kulitengeneza kwa kiasi kikubwa, huwezi kukata zaidi ya bei lililouzwa. Ulichonunulia hakihesabiki, wala bei uliyoiona kwenye tangazo la mtu wa California.

Sasa fikiria Beat yako ikishaondoka nyumbani. Mashirika mengi hayana hata pa kuegesha magari, kazi hiyo wamempa dalali. Linakuja gari la kuvuta, na baada ya siku chache Beat imesimama kwenye mnada wa jumla, kati ya Camry iliyogongwa ubavuni na pikapu isiyowaka. Karani anatafuta VIN, namba ya utambulisho wa gari, ya tarakimu na herufi 17. Anachokuta ni namba ya chasisi ya Kijapani inayoanza na PP1, na kompyuta yake haiitambui. Wanunuzi wanachungulia, wanaona usukani uko kulia, wanasogea kwenye gari linalofuata. Hakuna wa kuwaambia kwamba injini imekaa nyuma ya viti, kwamba haina turbo na bado inafikia nguvu farasi 64, kikomo walichojiwekea watengenezaji wa Japani kwa magari ya kei, yaani magari madogo ya kwao, au kwamba Honda waliiunda kuanzia 1991 hadi 1996 tu. Tuseme imekwenda kwa dola 1,400. Ndani ya siku 30 baada ya mauzo shirika linatakiwa kukupa Fomu 1098-C, stakabadhi ya gari la sadaka, na kisanduku 4c kitasomeka 1,400. Hiyo ndiyo namba yako, na IRS wanayo nakala. Jamaa akiandika 9,000, kompyuta yao haihitaji hata afisa kuliona pengo.

Ikiuzwa kwa dola 500 au chini ya hapo, unaruhusiwa kukata thamani yake ya soko, lakini usivuke 500. Thamani kamili ya soko unaipata shirika likithibitisha kwenye fomu hiyohiyo kwamba litalitumia gari kwa dhati, litalitengeneza kwa kiasi kikubwa (kupaka rangi na kunyoosha bodi havihesabiwi), au litampa mhitaji. Chuo cha ufundi magari kitakachofundishia wanafunzi injini yake ni mfano mzuri, na ningefurahi Beat ikienda huko. Ila ukidai zaidi ya dola 5,000 kwa njia hii, lazima uwe na tathmini ya maandishi ya mthamini anayekubalika, isiyofanywa zaidi ya siku 60 kabla ya kutoa, pamoja na Fomu 8283 (ya sadaka zisizo za pesa) sehemu B. Picha ya simu ya tangazo si tathmini.

Kuhusu gari la nje: lilipoingia lilikuwa limeshapita miaka 25 inayotakiwa na sheria, kwa hiyo upande wa serikali kuu uko salama. Kinachotakiwa ni hati ya umiliki ya Texas yenye jina lako. Ambatisha nakala za cheti cha Japani na tafsiri yake, na karatasi ya forodha ya CBP 7501. Piga simu kwanza uulize kama wanapokea gari lisilo na VIN ya 17, maana wapo wanaokataa dereva akishafika mlangoni. Siku linapoondoka ng'oa pleti, kisha waarifu TxDMV, idara ya magari ya Texas, kwamba umelihamisha, la sivyo bili za barabara za kulipia zitaendelea kuja kwako.

Ningekuwa wewe, ningeliuza mwenyewe kwa wapenzi wa magari haya, halafu nitoe pesa. Shirika lingepokea zote bila kugawana na dalali. Ukiuza juu ya gharama yako, faida hiyo utaitolea taarifa.

Na sasa huyo jamaa. Kwenye jamii yetu hapa Marekani wamejaa watu wanaojaza ritani sebuleni, wanachukua asilimia ya marejesho, wanaandika sadaka za kubuni, na hawatii saini. Mama mmoja aliniletea barua ya IRS. Alitoa van iliyouzwa dola 850, aliyemjazia akaandika 6,000. Alidaiwa kodi, riba, na adhabu ya asilimia 20 juu yake. Alimpigia simu mbele yangu, namba haipatikani. Kisheria deni ni la mwenye ritani, na yule mama analilipa kwa awamu kutoka mshahara wa kulea wazee usiku.

Kila anayelipwa kujaza ritani lazima awe na PTIN, namba ya mjaza ritani inayotolewa na IRS, na atie saini. Fungua ritani yenu ya mwaka jana, Fomu 1040, ukurasa wa pili, chini kabisa, palipoandikwa Paid Preparer. Kama mlimlipa na pale pako patupu, msimpelekee Beat wala kitu kingine. Leteni ritani hiyo tuisome mstari kwa mstari. Kwa kawaida mna miaka mitatu ya kuisahihisha kwa Fomu 1040-X, na ni nafuu kuisahihisha kabla barua haijafika.