Mbotela hakudumu hewani kwa sauti peke yake

Ndugu yangu umeuliza mtangazaji wa redio wa Kenya, Leonard Mambo Mbotela, alifanya nini cha maana mpaka watu wamlilie vile, ngoja nikwambie kidogo. Huyu mzee ni mtoto wa Freretown Mombasa, aliingia redio ya taifa, Sauti ya Kenya, 1964, na 1966 akaanza Je, Huu ni Ungwana?, kipindi kikakaa hewani zaidi ya miaka 50. Na mada zake ni vitu vya kawaida kabisa, mtu kuingia kwa jirani bila hodi, mtu kupiga kelele kwa matatu, yaani anakueleza kosa taratibu halafu anakuachia swali, wewe mwenyewe unajiona hapo.

Halafu alitangaza mpira! Wakati ule wengi hawana tv, unaskiza redio na unauona uwanja mzima kwa maneno yake, nani ana mpira, anaelekea wapi, hiyo kazi ni ngumu sana ukiwa hewani dakika 90 na hakuna picha ya kukuokoa.

Lakini mimi kinachonigusa zaidi ni Agosti 1, 1982, wanajeshi wa jeshi la anga walimtoa kwake usiku wakampeleka studio atangaze serikali ya Rais Moi imepinduliwa, bunduki ziko hapo. Hebu fikiria usome tangazo kama hilo na sauti isitetemeke. Alituacha Februari 2025. Watangazaji wa siku hizi, tafuteni rekodi zake mskize anavyotamka Kiswahili, kila neno linafika mzima.