Bharati Mukherjee ni Mhindi, Mkanada au Mmarekani?

Ndugu uliyeuliza Bharati Mukherjee tumhesabu wa nchi gani: mwenyewe alitaka aitwe mwandishi wa Marekani, basi, bila kutanguliziwa Uhindi. Alizaliwa Calcutta, India, mwaka 1940, akaenda kusomea uandishi Iowa, Marekani, na huko mwaka 1963 akaolewa na mwandishi mwenzake, Clark Blaise, saa ya mapumziko ya mchana! Baadaye waliishi Kanada, lakini ubaguzi ulimchosha. Mwaka 1980 wakahamia Marekani. Wengi watakwambia uanze na Jasmine (1989), riwaya ya mjane kijana kutoka Punjab anayepata jina jipya karibu kila anapohama. Mimi naona hadithi zake fupi ni kali zaidi. Tafuta The Middleman and Other Stories (1988), iliyompa tuzo ya wahakiki wa vitabu Marekani.