Mionzi ya mama: niliyotamani kuyajua mapema

"Watamchoma?" Kila aliyepita barazani kwetu Malindi aliniuliza hivyo aliposikia mama anapelekwa Mombasa kwa mionzi. Sikuwa na jibu.

Mama ana kasinoidi, saratani inayokua polepole. Yake ilianzia utumbo mdogo, ikaingia ini, kisha mfupa wa nyonga. Kuhara kwake tulikutibu kama amiba kwa miaka. Joto la kumpanda usoni ghafla tukasema ni kukoma hedhi. Kumbe uvimbe ulikuwa ukimwaga kemikali kwenye damu, serotonini ikiwemo. Kipimo kilichotufumbua macho ni mkojo wa saa 24, tuliokusanya kwenye dumu baada ya siku tatu bila ndizi, nanasi wala nyanya, kwa kuwa hivyo huvuruga majibu.

Ukiambiwa mionzi, muulize daktari: ni ya kuponya au ya kutuliza? Mimi sikuuliza. Nikangoja uvimbe wa ini uyeyuke, nikaishia kulia. Kwa kasinoidi, upasuaji ndio hutangulia ukiwezekana, na sindano za okitreotaidi hupunguza kuhara na lile joto. Mionzi ya mashine hutumiwa hasa saratani ikishafika mfupani, ili maumivu yapungue.

Mama alichorwa nyongani alama za wino za kuelekeza mionzi, tukalala kwa shangazi Majengo. Usiku nikamkuta shangazi na kibakuli cha mafuta ya nazi, yuataka kumkanda. "Shangazi, hapo pasiguswe, wino utafutika." Kesho yake mama alipigwa mionzi mara moja tu, grei 8 (grei ni kipimo cha mionzi), dakika chache, na hakuhisi kitu. Mionzi hiyo haibaki mwilini. Jioni alimpakata mjukuu wake. Siku mbili zilizofuata maumivu yalizidi. Hutokea, lakini sisi hatukuonywa, kwa hivyo omba dawa za maumivu kabla hujaondoka hospitalini.

Iko na mionzi ya mshipani, lutetiamu-177, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018. Huifuata saratani yenyewe popote ilipo mwilini, kwa kawaida mara 4, kila baada ya wiki 8. Lazima skani maalumu ionyeshe kwanza kwamba uvimbe una vipokezi vya kuishika dawa. Nasi tunasubiri skani hiyo.

Wiki ya tatu nilisikia mkwaruzo jikoni alfajiri. Mama alikuwa amekalia mbuzi, anakuna nazi. Tangu Ramadhani hakuwa ameweza kukaa pale.